Jua la Asubuhi Halina Kosa

Watu wa Gombani, hapa Pemba, wanamjua Mwalimu kwa uso. Mimi namjua zaidi kwa kisogo. Ndiyo kazi ya kinyozi hiyo: unazijua shingo na masikio ya watu kuliko wanavyozijua wenyewe, na kuna mambo ya mtu utayaona wewe kabla yeye hajayahisi. Nimemnyoa miaka mingi, Ijumaa asubuhi, kabla watu wa sala hawajanijazia duka. Miaka yote hiyo sikuona kisogoni pake wala masikioni kitu cha kunitia hofu. Kisha nikakiona, na tangu siku hiyo sijashika wembe kwa raha.

Sasa hayupo. Yuko Dar es Salaam kwenye matibabu, na habari zake zinanijia kwa simu ya mkewe. Simu yangu ikilia tu, roho inaruka, hata kama ni mtu anauliza kama nimeshafungua. Basi nimeona nikae niandike nilivyomjua, maana woga ukipewa kazi hupungua kidogo.

Nitangulize kusema kwamba mimi ni mwoga. Si siri, mke wangu huwaambia hata wageni. Naogopa bahari, naogopa umeme, naogopa mbwa, na mteja akipiga chafya nikiwa na wembe shingoni mwake mimi ndiye ninayehitaji kiti. Mwalimu alikuwa akinicheka kuliko wote. Hajapata kuniita kwa jina, aliniita Kinyozi, nami nilimwita Mwalimu kama alivyoitwa na kila mtu, wazee wa barazani na watoto wa chuo cha Kurani, hata mkewe.

Ni mtu mwenye ualbino. Nywele zake ni rangi ya mchanga, ngozi yake nyeupe yenye madoa ya jua mikononi, na macho yake hayatulii. Yanacheza polepole huku na huku, hasa akichoka. Alifundisha bayolojia na kemia sekondari mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake wametapakaa kisiwa kizima. Kitabu alikuwa akikisogeza mpaka puani ndipo akisome. Wanafunzi wapya walidhani anainusa mitihani yao. Alipopata habari hiyo akaanza kuinusa kwelikweli. Anaichukua karatasi, anavuta pumzi, anasema, "Hii yanuka kuibia." Mwenye kuibia anatetemeka, anakiri mwenyewe mbele ya darasa. Watu wazima leo, wengine wana vyeo, bado wanaamini kwamba Mwalimu ana pua ya ajabu, naye hajapata kuwatoa katika imani hiyo.

Mpira aliupenda, na mpira haoni. Timu zikicheza uwanjani hapa Gombani alikuja alasiri, akakaa kwenye jukwaa lenye paa, nyuma kabisa, na kutoka huko akabishana na refa. "Ile ilikuwa ofusaidi!" atasema, na aliyekaa naye atamwambia mpira bado uko kwa golikipa. Hakujali. Alisema yeye husikiliza mpira, na mwenye kusikiliza hadanganyiki na jezi. Timu aliyoishabikia ilikuwa ile inayofungwa kila mara, na tukimuuliza kwa nini, alisema wale wanaoshinda wana watu wa kutosha.

Huruma hakuitaka. Mtu akimshika mkono kumvusha barabara, alivuka naye, kisha akamwambia, "Ahsante, nami sasa nikurudishe." Alitembea na mwavuli mweusi, upande wa kivuli, kanzu ya mikono mirefu, makubadhi, na kofia. Hapo penye kofia itabidi nisimame, kwa sababu balaa yote ilipitia hapo.

Mkewe ni mshonaji wa kofia. Zile kofia zetu za mkono, za vitobo, ambazo mwanamke anazishona miezi kwa miezi, tundu baada ya tundu, mpaka macho yanamwuma. Kwetu mume akitoka na kofia iliyoshonwa na mkewe, mtaa mzima unajua hali ya nyumba yake. Mwalimu alikuwa nazo nyingi na zote nzuri. Alizivua dukani kwangu kwa mikono miwili, akaziweka kwenye rafu ya juu, mbali na nywele na maji. Lakini kofia ya mkono haina ukingo. Inafunika utosi, mahali ambapo nywele zimeshafunika. Masikio, shingo na uso vinabaki nje, na jua la Pemba halina adabu. Sisi weusi hilo halitudhuru kitu. Kofia yenye ukingo mpana, pama, huivaa mtu anayekwenda kondeni au mtalii aliyepotea njia. Mwalimu wa sekondari, mtu wa safu ya mbele msikitini, akitoka na pama kichwani watu watasema amechanganyikiwa, au mkewe amemchoka.

Nilimwambia mara nyingi. "Mwalimu, vaa pama japo ukiwa uani."

"Nke wangu atie uzi vitobo mpaka vidole vitoboke, mie n'vae pama la plastiki? Watasema kaniwacha."

"Watakaosema ndio watakaokuuguza?"

"Weye nyoa, Kinyozi."

Na mtu huyohuyo, huko Gando kulikuwa na msichana mdogo mwenye ualbino kama yeye. Mwalimu alimnunulia pama yeye mwenyewe, akampelekea, akamgombeza mama wa mtoto hadharani kwa kumwacha acheze juani bila ya kufunika shingo. Mafuta ya kujikinga na jua aliyokuwa akipewa hospitali, kila yalipopatikana, alimgawia yule mtoto kopo zima, yeye akabaki na la kukwangua. Nilipomuuliza, alisema mtoto bado ana ngozi ya kuokoa. Nikamwambia hata yeye anayo. Akaanza kuzungumza habari ya zabibu.

Sasa nizungumze habari ya zabibu, maana ukimtaja Mwalimu bila ya mzabibu wake umemtaja nusu. Mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi Dodoma ndiye aliyemletea vipande vya matawi, vimefungwa ndani ya gunia la majimaji. Zabibu nyeupe, zile ambazo huko wanazikamulia mvinyo. Kila mtu alimwambia Pemba haizai zabibu, mvua nyingi, unyevu mwingi, ukungu utaula mti mzima. Hilo ndilo lililomtia hamu. Alisimamisha kichanja cha boriti uani kwake, akaupandisha mti juu yake, akawa anaupogoa kwa mkasi aliouazima kwangu na hajaurudisha mpaka leo.

Habari zilipofika msikitini kwamba ni zabibu za mvinyo, imamu alikuja mwenyewe. Nilikuwapo. Alikaa chini ya kichanja, akanywa kahawa, akauliza hali za watoto, kisha akauliza kwa adabu kama kuna haja ya mti wa namna hiyo nyumbani kwa mtu wa safu ya mbele.

"Shehe," Mwalimu akamwambia, "nti hauna kosa. Kosa ni la ntu atakayekamua kisha akangoja."

Imamu alifikiri kidogo. Halafu akanyoosha mkono akachuma tunda moja, akachuma jingine. Alikula kichala kizima huku akizungumza mambo ya bomba la maji, akaondoka na kichala kingine ndani ya leso.

Mti ulizaa, lakini ulizaa kwa matatizo, na matatizo hayo ndiyo yaliyomfurahisha Mwalimu. Vichala vilivyojificha ndani ya majani vilioza au vilibaki vichachu. Vilivyokaa wazi viliungua. Akaanza kuvifanyia majaribio. Vingine alivifunika kwa karatasi, vingine alivivika vipande vya kanga kuukuu ya mkewe, vingine aliving'olea majani upande mmoja tu. Ijumaa moja alikuja dukani na bakuli, akaketi kitini na kuniambia nifumbe macho mimi badala yake.

Tunda la kwanza lilinikunja uso.

"Hilo lakaa ndani ya majani," alisema. "Halijaonana na jua. Ndani ya zabibu mna uchachu wa namna mbili, Kinyozi. Mmoja jua laula kidogo kidogo, wapungua. Wa pili kaidi, hauguswi. Kivulini yote miwili yabakia, na sukari yachelewa kuja, na harufu yawa ya majani mabichi. Haya, meza hili."

La pili lilikuwa tamu, na utamu wake ulikuwa na uchachu mdogo nyuma yake, na harufu ya ua nisilolijua jina. La tatu lilikuwa tamu vilevile, lakini limepooza, halina uchachu hata kidogo, na ganda lake lilikuwa gumu na linakakasa ulimi. Nilifumbua macho nikaliona lina mabaka rangi ya chai.

"Hilo la upande wa magharibi. Jua la adhuhuri na alasiri lote lake. Limeungua."

"Na la pili?"

"Mashariki. Naupunguza majani upande huo tu. Jua la asubuhi laingia, laoga nalo, na likianza kuwa kali majani ya juu yashalifunika." Akala moja yeye mwenyewe, akanitazama kwa macho yake yasiyotulia. "Jua la asubuhi halina kosa."

Maneno hayo akayafanya wimbo. Mtu akilalamika joto, jua la asubuhi halina kosa. Mtu akichelewa kuamka, jua la asubuhi halina kosa. Nami nilicheka pamoja na wengine, mpaka siku aliyonieleza jambo jengine. Alisema zabibu nyeupe haina ile rangi ambayo zabibu nyeusi inajifunikia. Lakini ukiizoesha jua tangu ikiwa changa, kidogo kidogo kila siku, inajitengenezea kinga yake ndani ya ganda. Ukiiacha kivulini mpaka imekua, kisha ukaifungulia majani ghafla, inaungua kwa siku moja. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza kila kitu, na mimi nikajikuta naitazama mikono yake iliyojaa madoa.

Aliona kwamba natazama. "Nami nimezoea," akasema.

"Mwalimu, weye si zabibu."

Alicheka mpaka akakohoa, kitambaa cha kunyolea kikamwanguka. Mimi sikucheka. Mtu huyu alisomesha watoto wa watu, na watoto wa watoto wao, kwamba ngozi isiyo na rangi haizoei jua hata ukiibembeleza vipi. Darasani alilisema hilo akijionyesha yeye mwenyewe kuwa mfano. Kisha anakwenda uani kwake, anautundika mwavuli kwenye boriti kwa sababu kazi ya kung'oa majani inataka mikono miwili, na anasimama kuelekea mashariki kila asubuhi ya Mungu, kichwani ana kofia ya vitobo, akiamini kwamba sheria ya mti wake inamhusu na yeye. Nililala na jambo hilo siku nyingi.

Hofu nyingine ilikuwa ya watu. Kulikuwa na wakati habari za kutoka bara zilikuwa mbaya, za watu wenye ualbino kuwindwa kwa mambo ya uchawi. Huku kwetu sikusikia limetokea, lakini bahari si ukuta. Mkewe alianza kufunga mlango kwa komeo hata mchana. Mwalimu alisema Pemba ni kisiwa, mwizi atampitisha wapi, atamkatia tiketi ya boti? Tulicheka. Baadaye akaja mtu dukani kwangu, si wa huku, kavaa vizuri, akakaa nimnyoe ndevu. Nilipokuwa nusu ya kazi akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee mweupe hunyolewa hapa, na nywele zake huwa nazitupa wapi, maana yeye anaweza kuzinunua.

Nikatikisa kichwa. Wembe ulikuwa shingoni pake na mkono wangu unatetemeka, nadhani yeye naye aliogopa, kwani aliinuka na ndevu upande mmoja, akaondoka. Nikafunga duka mchana kweupe nikakaa ndani na mkasi mkononi. Baadaye nilikwenda kwa sheha wa mtaa, kisha kwa Mwalimu.

"Alikupa bei gani?" ndilo swali lake la kwanza.

"Sikumuuliza!"

"Ungeuliza, yakhe. Ntu apenda kujua thamani yake."

Mkewe aliinuka akaingia ndani. Mwalimu akasema atakuwa anazichukua nywele zake mwenyewe. Kuanzia hapo nilimtilia kwenye mfuko, akenda nazo kuzizika uani, chini ya mzabibu. Mbolea, alisema. Lakini Ijumaa ile, alipotoka dukani, nilimwona amesimama kizingitini, anatazama kulia na kushoto kwa macho ambayo hayafiki hata msikitini. Alisimama muda mrefu kabla ya kufungua mwavuli. Mtu yule hakuonekana tena, wala hajatoka kichwani mwangu.

Kidonda kilianza kwenye ukingo wa juu wa sikio la kulia, pale kofia inapoishia. Mwanzo kilikuwa kigaga kidogo tu, nikadhani nimemkwaruza. Nikanyoa kwa kukizunguka. Ijumaa niliyomnyoa tena kilikuwa palepale, na nilipokigusa kwa kitambaa kikatoa damu.

"Mwalimu, hiki kidonda mbona hakiponi?"

"Si weye uliyenkata?"

"Sijakukata. Wallahi sijakukata."

"Basi ni tawi. Matawi yale yana kucha."

Nikaanza kuziogopa Ijumaa. Akiingia, kabla hata ya kuitikia salamu yake macho yangu yashakwenda sikioni. Kilikuwa kinakua. Kingo zake zilikuwa ngumu na zimeinuka. Nikamwambia aende hospitali, akasema zabibu zinakaribia kuiva. Nikamwambia tena, akasema kuna mvua, ukungu utaingia. Mwisho nikamwambia simnyoi mpaka aende. Alivaa kofia yake akaondoka bila ya neno, akaenda kwa kinyozi mwengine mjini Chake. Wiki mbili baadaye akarudi, akakaa kitini, akasema yule ana mkono mzito. Nilimnyoa. Nilifurahi kumwona, na alipovua kofia nikatamani nisingekuwa nimemwona.

Mwanamke haingii kwenye duka la kunyolea. Kwa hiyo siku mkewe alipokuja, alisimama nje, pembeni ya mlango, kajitanda buibui lake, akanisubiri nimalize mteja. Nilitoka. Alikuwa na kofia ndani ya mfuko. Aliitoa akaigeuza ndani nje, akanionyesha ukanda wa ndani, upande wa kulia, pale aliposhona kwa uzi mweupe. Kulikuwa na damu kavu, mpya juu ya kuukuu.

"Kinyozi, damu hii ya nini? Yeye asema wembe wako."

Nikamweleza yote, pale pale, mbele ya watu wanaopita. Sikuficha hata neno moja. Alinisikiliza akiikunjakunja ile kofia, kisha akakaa kwenye ngazi ya duka langu.

"Mie n'kiifua," alisema. "Kila wiki n'kiifua, n'kikuombea na weye mkono uwe mwepesi."

Siku ya pili yake alimpeleka hospitali. Hakumwomba, alimwambia tu kwamba gari lipo nje. Hapa Chake wakamtazama, wakawapa barua ya kwenda Unguja, na huko wakasema ni saratani ya ngozi, wakamkata sehemu ya juu ya sikio. Daktari alimwambia arudi atazamwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu ugonjwa huo hupenda kutembea. Alirudi Gombani na bendeji nyeupe kichwani, na alipopita barazani watu wakanyamaza. Yeye akawauliza kama wameona sikio lake popote.

Pama alilivaa baada ya hapo. Mkewe ndiye aliyemnunulia, jeusi, pana, la kitambaa. Alimvalisha mwenyewe mlangoni, akamwambia, "Kofia n'takushonea ya kuvalia ndani." Siku ya kwanza alipokwenda nalo msikitini nilikuwa nyuma yake, nikiwaangalia watu kwa hasira, nikimngojea wa kucheka. Hakuna aliyecheka. Imamu alimpa mkono kama kawaida.

Unguja alikwenda mara moja kutazamwa, wakamwambia ni salama. Mara ya pili hakwenda. Alisema mti umechanua. Mara ya tatu nilimkumbusha mimi, mkewe alimkumbusha, hata imamu alimkumbusha, akasema kidonda kimepona, watamtazama nini? Ukitazama sikio, kweli lilikuwa limepona. Ngozi ilifunga vizuri, ikang'ara. Nilimwamini kwa kuwa nilitaka kumwamini. Mwoga hupenda habari njema kuliko mtu mwengine yeyote.

Halafu akaja siku isiyokuwa Ijumaa.

Ilikuwa Jumatatu, kabla ya adhuhuri, sina mteja. Nilikuwa nafagia. Aliingia na pama lake na mwavuli, akavua makubadhi mlangoni kama anaingia nyumbani kwa mtu, jambo ambalo hakuwa akilifanya dukani, akausukuma mlango nyuma yake mpaka ukabaki wazi kidogo tu. Nikamwambia leo si Ijumaa. Akasema anajua. Aliketi kitini. Nilichukua kitambaa nimfunge, akakizuia.

"Nipe nkono."

Nikampa. Aliuchukua kwa mikono yake miwili, akaupeleka chini ya taya yake, upande wa kulia, akavibonyeza vidole vyangu ndani ya nyama ya shingo.

"Hapa. Wasikia nini?"

Nilikisikia mara moja, kivimbe chini ya ngozi. Nikavisogeza vidole pembeni, nikitumaini kwamba nikivirudisha hakitakuwapo.

"Kipo?"

"Kipo, Mwalimu."

"Kigumu au laini?"

"Kigumu."

"Chacheza ukikisukuma?"

Nikasukuma kidogo. "Hakichezi."

Alitikisa kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi akimpa jibu sahihi. Akaniachia mkono. Nilisimama nyuma yake, tukawa tunatazamana katika kioo, au mimi namtazama yeye, kwa sababu kwa masafa yale yeye hawezi kuona uso wa mtu. Nikangoja mzaha. Alikuwa na mzaha kwa kila jambo, kwa mwizi wa nywele, kwa sikio lake mwenyewe, na mimi miaka yote nimekuwa nikiishi kwa mizaha hiyo, ndiyo iliyokuwa ikinifanya nithubutu. Nilingoja mpaka muadhini akaanza kuadhini adhuhuri, akamaliza. Mzaha haukuja.

"Mie naogopa," akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imekamata kanzu. Nilitaka mtu aingie aniulize kama nimefungua. Kama Mwalimu anaogopa, basi mimi nilikuwa sina tena pa kujificha duniani.

"Sijamwambia nke wangu," akaendelea. "Nimekijua tangu wiki iliyopita. Kila asubuhi nasema leo n'tamwambia, kisha natoka nakwenda kwenye zabibu." Akageuza kichwa kunitafuta. "Kinyozi, nikuulize. Weye umeogopa maisha yako yote. Waogopa kila kitu, na duka wafungua kila siku. Asubuhi, kabla hujatoka, wafanyaje?"

Nilijua kwamba hanichezei. Ananiuliza kweli, kama mtu asiyejua anavyomwuliza anayejua, na hajapata kuniuliza jambo namna hiyo tangu tujuane. Nikatafuta jibu la maana, aya, hadithi ya Mtume, methali, chochote.

"Sifanyi kitu, Mwalimu," nikamwambia. "Huogopa vivyo hivyo, nikavaa viatu."

Kisha miguu yake ikaanza kupapasa sakafuni chini ya kiti, huku na huku, kwa kuwa alisahau kwamba makubadhi ameyaacha mlangoni. Nikayachukua. Nikapiga magoti nikayaweka mbele yake, la kulia kulia, la kushoto kushoto, nikamsubiri ayavae. Halafu nikafunga duka, tukaenda kumwambia mkewe.